Ijumaa Zilizokosekana kwenye Daftari

Mimi ni mtu wa shaka, na sijifichi. Nikinunua maziwa nayanusa mbele ya muuzaji. Mtu akiazima bisibisi yangu, ikirudi naigeuzageuza nione kama ni ile ile. Nina duka la kutengeneza kompyuta Korogwe, karibu na stendi, na kazi hiyo imenizidishia ugonjwa, maana kila anayeleta mashine iliyomwagikiwa chai huapa kwamba imezima yenyewe.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha Sindeni aliponipigia simu kwamba kila Jumamosi kina mama wanakuta tangi limebaki na maji ya kuchuruzika, alikuwa amempata mtu wake. Tatizo ni kwamba mtunza pampu, mwenye ufunguo pekee wa kibanda, alikuwa baba mkwe wangu.

Mimi na baba mkwe hatuli sahani moja. Nikimsalimia nainama, najibu nilichoulizwa, basi. Kumuuliza mzee yule maji yanakwenda wapi ni sawa na kumpekua mifuko. Mkwe haulizwi. Nikaamua kuiachia mashine iulize.

Nilipeleka laptop ya zamani ambayo betri yake bado ilikuwa nzima, nikaiweka ndani ya kibanda, ikichajiwa na umeme wa pampu. Kipima maji nilikifunga kwenye tangi, kikawa kinatumia umeme wa betri za pampu. Programu yake haikuwa na picha wala vitufe. Ni amri unayoiandika kwenye skrini nyeusi, nayo kila dakika tano inatoa mstari mmoja wenye kina cha maji. Mwanzoni mistari ilipita kwenye skrini na kupotea. Baba mkwe aliitazama kidogo akasema, "Hii inaongea peke yake." Nilitabasamu, lakini nikajiuliza imemkera nini. Mtu asiye na lake jambo hajali mashine inaongea na nani.

Hapo nikaipa pa kuandika. Kila kompyuta ina daftari la mfumo, ambamo huandika yenyewe mambo yake yote: imewaka lini, nani kaingia, kipi kimekataa. Mwishoni mwa ile amri niliongeza kijistari cha kusimama na jina la chombo kinachopokea maneno ya programu na kuyaingiza humo pamoja na tarehe na saa. Mistari yangu niliipa lebo "kisima" ili niitofautishe na mingine. Nikafanya programu ianze yenyewe kila mashine ikiwaka, bila kuhitaji skrini, nikafunika laptop.

Siku ile ile niliona jambo jingine. Paneli ya sola niliyowapelekea wakwe zangu mwaka uliotangulia haikuwepo juu ya bati lao. Mama mkwe alikuwa amerudia kibatari. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu, "Baba kaiuza ile paneli?" Akaendelea kukunja nguo.

Baada ya wiki nne nilirudi, nikaita mistari yenye lebo yangu. Siku nyingine zote zilikuwa kamili. Ijumaa, kuanzia baada ya saa sita mchana hadi karibu saa nane, hapakuwa na mstari hata mmoja, na mistari ikirudi, maji yameshuka sana. Ijumaa zote nne. Nilifurahi, nasema kweli, ile furaha mbaya ya mtu aliyejua tangu mwanzo. Mzee anazima mashine, anafungulia mtu maji, anawasha tena. Nilichapa karatasi, nikampa mwenyekiti, nikasema tu, "Ijumaa mashine inazimwa." Mengine nilijua atayamalizia mwenyewe.

Kamati ilimwita. Mwenyekiti alinisimulia kwenye simu kwamba walimwonyesha ile karatasi, naye akaisoma polepole, akasema, "Kama imeandika, imeandika." Akauweka ufunguo mezani na kuaga. Miaka yote aliyoitunza ile pampu ikaishia hapo.

Mke wangu alipata habari kwa dada yake. Alikuja dukani, jambo ambalo halifanyi, akasimama upande wa wateja.

"Ulimuuliza?"

"Mkwe haulizwi. Unajua."

"Haulizwi, lakini anashtakiwa?"

Akaondoka. Nilibaki na maneno yale, na kwa mara ya kwanza nikajishuku mimi.

Ijumaa mimi hufunga duka na kuswali hapa hapa Korogwe, kwa hiyo sikuwahi kuwa Sindeni mchana wa siku hiyo. Ijumaa iliyofuata niliondoka asubuhi. Mwenyekiti alinifungulia kibanda akaenda zake. Nilifungua daftari, safari hii lote, bila kuchuja kwa lebo. Zile Ijumaa zote, katika saa nilizoziita za kuzimwa, kompyuta ilikuwa inaandika mambo yake kama kawaida. Haikuwahi kuzimwa. Yalikuwa mbele yangu tangu mwanzo, ila niliangalia nilichotaka kukiona.

Nikaiendesha programu kwenye skrini, nikasubiri. Spika kubwa za msikiti, ambazo huwashwa Ijumaa tu, zilipowaka kwa adhana, pampu ikanyamaza, na kwenye skrini ukatoka mstari: kipima hakipati umeme. Dakika tano, tena. Lakini kwenye daftari, chini ya lebo yangu, hakuna kitu. Hapo nikakumbuka kitu ambacho nawafundisha hata wanaojifunza kwangu: programu ina midomo miwili, mmoja wa kutoa majibu na mwingine wa kulalamika. Mimi nilikuwa nimeunganisha wa majibu tu. Malalamiko yalikwenda hewani. Ilikosekana alama fupi ya kuunganisha midomo yote miwili, 2>&1, na kwa kukosekana kwake nilimvua mzee kazi.

Nilitoka nje nikazunguka upande wa nyuma, ambao sikuwahi kuufikia. Juu ya bati la kibanda, ubavuni mwa paneli za kijiji, palikuwa na paneli ndogo yenye alama ya kalamu ya duka langu kwenye fremu. Chini ya ukuta palikuwa na mtaro uliofukiwa, na tuta lake jembamba lilikwenda moja kwa moja hadi msikitini. Mzee alikuwa amevuta waya kuupa msikiti umeme wa pampu, na kwa kufidia akaleta paneli yake, ila ilikuwa ndogo mno. Spika zikiwaka pampu inazima, na wakati huo huo kijiji kizima kinatawadha; jua linalobaki halitoshi kulijaza tangi tena.

Baada ya swala nilimkuta barazani. "Shikamoo baba." Aliitikia, akaangalia udongo kwenye viatu vyangu, akajua.

"Ulichokiona, kiache hapo hapo," alisema. "Sadaka ukishaitangaza umeshalipwa."

"Lakini baba, ufunguo..."

"Ufunguo ni chuma, mkwe wangu."

Sikuweza kumsafisha kwa kumwanika. Nilimfuata mwenyekiti, nikamwambia ukweli ulio wangu tu: mashine haikuzimwa, amri niliiandika vibaya, kosa ni langu.

"Na maji?"

"Nipe wiki mbili."

Alinitazama kwa jicho ninalolijua, maana ni langu. "Fundi, huyu si mkwe wako?"

Niliaga nikarudi Korogwe.

Dukani nilikuwa na betri kubwa ya kunivusha umeme unapokatika. Niliipeleka kwa muadhini nikiwa nimeifunga ndani ya gunia, nikamwonyesha pa kuunganisha ili spika zisivute tena umeme wa pampu, nikamwomba asinitaje. Jumamosi mbili zilizofuata kina mama walikuta tangi limejaa. Kamati ikamrudishia mzee ufunguo, na mimi nikaambiwa niondoe kompyuta yangu. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda, akaitikisa kuona kama imekaza. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikainama tu kama siku zote, naye akanigusa bega.

Wiki ile umeme ulikatika Korogwe, na mke wangu alikuwa amekuja dukani kuchukua ufunguo wa nyumba. Akaangalia pale chini ya meza, mahali pa betri, palipobaki alama ya mraba kwenye vumbi.

"Betri iko wapi?"

Nilivuta karibu simu ya mteja.

"Umeiuza?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuifuta kioo.