Fundi Aliyetoa Pazia

Mara ya kwanza nilimpelekea fundi huyu kitambaa cha sketi arobaini za shule. Alikishika, akakinusa kama anachagua samaki, akasema, "Keshokutwa, dada." Nilizipata baada ya wiki mbili na nusu. Alisema alikuwa amefiwa na mama mkwe.

Nilimpa pole, kisha nikakata bei. Sketi zenyewe hazikuwa na mfano mtaani, pindo limenyooka na zipu haikwami, kwa hiyo sikuona sababu ya kumwacha. Mimi nauza sare za shule. Nilianza kwa kutembeza soksi mkononi, na nilichojifunza ni kwamba kasoro ya mwenzako ndiyo punguzo lako. Yeye alichelewa, mimi nikapunguza. Tulielewana hivyo miaka mitatu. Katika miaka hiyo mama mkwe alifariki mara mbili, kisha akaja dukani kwangu kumnunulia mjukuu viatu, mzima kabisa, akilalamikia bei.

Mtaa ulimwita Kesho. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Cherehani ilikaa mlangoni, na nyuma yake palikuwa na rafu ndefu iliyofunikwa pazia la maua. Huko ndiko vitambaa vya watu vilikolala. Ukiulizia nguo yako, alielekeza pazia kwa kidole gumba: "Imebaki vifungo tu."

Kisha akaokoka. Alikuja mwenyewe kunitangazia, sauti imekauka kwa kuimba. Nilimpongeza huku nina wasiwasi wangu: huyu akianza kusema kweli, punguzo langu litatoka wapi? Nilihangaika bure. Jumatatu nilimuuliza mashati yangu, akasema, "Mungu akipenda, kesho." Zamani alidanganya peke yake, sasa alikuwa na mdhamini. Miaka minne ikapita. Aliimba kwaya, alifunga, alikemea pepo la uvivu kwa majirani, na vitambaa viliendelea kulala.

Aliyemshika ni mwalimu wake wa darasa la waumini wapya, mama mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa amempa kitambaa cha gauni la mjukuu wake aliyekuwa anabatizwa. Siku ya ahadi alifika asubuhi. Nilikuwepo, nimefuata mashati. Fundi akasema gauni liko tayari, imebaki pasi tu.

"Basi nasubiri pasi," mama akasema, akaketi kwenye benchi.

Fundi akawasha pasi. Pasi ikapata moto, ikawa haina cha kupiga. Akachukua suruali ya mtu mwingine akainyoosha, akainyoosha tena, mpaka ikang'aa makalioni. Mama akatoa sindano zake za kufuma. Karibu na saa sita fundi akafunua pazia, akatoa kitambaa. Kilikuwa bado kimo ndani ya karatasi ya dukani, na kamba yake.

Nilitegemea mahubiri. Mama alikunja kwanza kazi yake, akaiweka mkobani.

"Mtoto wa mwaka mmoja akijikojolea, tunambadilisha nguo, yamekwisha," akasema. "Wa miaka minne tunakaa naye chini, tunaongea. Wewe una miaka mingapi tangu uokoke, mwanangu?"

"Minne, mama."

"Toa hilo pazia."

Alilitoa, akalishona foronya. Kuanzia siku hiyo kila aliyesimama mlangoni alikiona kitambaa chake, kama kimekatwa au hakijaguswa. Na fundi, ambaye ulimi wake siku zote ulikuwa unamtangulia, akaanza kugeuka kutazama rafu kabla ya kujibu. Alijibu taratibu, kama mtu anayesema lugha aliyojifunza ukubwani.

Usidhani watu walifurahi. "Wiki tatu?" mmoja alimwambia. "Fundi, wewe niambie kesho tu, mengine nitajua mwenyewe." Wateja walipungua. Alikwenda pia kukiri kwa mama mkwe kwamba amemzika mara mbili. Nasikia mama mkwe aliuliza jambo moja tu: kama watu walikuja wengi.

Kisha shule mpya ikataka kwangu sare mia mbili kabla ya kufunguliwa. Kazi ile ingembeba fundi mwaka mzima. Bila kazi hiyo asingeweza kubaki na chumba cha barabarani, na mkewe alishamwambia hivyo mbele yangu. Mwalimu mkuu alitaka kumsikia fundi mwenyewe. Njiani nilimfunda: akiulizwa, aseme ndiyo, tukishaipata kazi tutahangaika nayo ikiwa mkononi. Alinyamaza. Nikajua tumeelewana.

Ofisini mwalimu mkuu akauliza kama zote zitakuwa tayari siku ya kufungua. Fundi akageuza shingo kutazama nyuma yake, kana kwamba rafu imemfuata. Palikuwa na kalenda tu. Akazungusha futi yake ya kupimia kwenye kidole mpaka ncha ikafa ganzi.

"Sabini zitakuwa tayari," akasema. "Zilizobaki, wiki tatu baadaye."

Nilimkanyaga mguu. Akausogeza.

Tulipewa sabini. Zilizobaki alipewa fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyesema ndiyo bila kuvuta pumzi. Ningependa kuandika kwamba alichelewa. Hakuchelewa.

Nje nilimwambia fundi wangu maneno ambayo siyaandiki hapa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Una haki, dada," akasema. "Ile ndiyo yako ilikuwa imeshafika hapa." Akagusa koo. "Niliogopa kurudi nyuma ya pazia."

Sabini alizileta siku moja kabla. Chumba cha barabarani alikipoteza. Sasa anashona uani, mbele ya dirisha linalotazama tanki la maji. Rafu alihama nayo. Siku hizi hamkimbii mtu, maana wateja waliobaki wanakuja siku aliyowaambia. Mimi nilipoteza sare mia na thelathini, na punguzo juu yake. Nilijaribu kumwambia hali ni ngumu, apunguze kidogo. "Kwani nimechelewa, dada?" akauliza. Nililipa bei kamili.

Wala hajawa malaika. Mwezi uliopita nilimuuliza kaptula zangu, akasema Ijumaa, haraka, bila kutazama rafu. Saa nane, jua linachoma, nikamwona anavuka barabara kuja dukani, futi shingoni, sindano imechomekwa kwenye kola.

"Nilichokwambia asubuhi si kweli," akasema. "Ni Ijumaa ya wiki ijayo." Akarudi kwenye cherehani yake.

Hajafika mbali, akaingia mzazi kuulizia kaptula zizo hizo. Nilifungua mdomo, nikajikuta nageuka kutazama rafu yangu. Ilikuwa tupu.

"Ijumaa ya wiki ijayo," nikasema.

Akaenda duka la pili. Hasara hiyo kaileta fundi, ingawa nimeilipa mimi.