Pafu la Nyapara Srečko

Watu wa vijiji vya juu ya mji wa Trieste, Italia, huiita ile mashine "pete", na Nives Kocjančič alikuwa ameitumikia tangu usichana wake. Ndani ya pete hiyo elektroni hukimbizwa kwa kasi isiyosemeka, na kila zikikatishwa kona hutema mwanga. Mwanga huo ni eksirei, nyembamba na kali kuliko ya hospitali yoyote. Kazi ya Nives ilikuwa kuuelekeza kwenye vitu ambavyo wenyewe hawakutaka vikatwe: mfupa wa kale, fidla iliyopasuka, jino la mtoto aliyekufa zamani. Kitu huzungushwa polepole mbele ya miale, picha hupigwa bila kukoma, kisha kompyuta huziunganisha, ukaingia ndani yake kama unayeingia nyumbani kwako.

Hakuolewa. Alikaa na baba yake, mzee Srečko, kwenye nyumba ya mawe yenye mizabibu nyuma, hadi kifua kilipomshinda mzee. Srečko alikuwa nyapara kwenye kiwanda cha meli kule chini pwani. Watu wake walifunika mabomba ya meli kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto, wakiikoroga kwa mikono kama unga wa ugali, na vumbi lake waliliita theluji. Wengi wao walishazikwa. Kabla hajafa, daktari alimwomba mzee ruhusa ya kuhifadhi kipande cha pafu lake.

"Chukueni," alisema. "Mimi limenichosha."

Miezi michache baada ya maziko, wajane wa kiwanda walikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Walikuwa wameishtaki kampuni na wakubwa wake, na kampuni ilijibu kwamba waume zao waliuawa na sigara. Nives aliteremka akasimama mbele yao. Akawaambia hospitali bado ina vipande vya mapafu ya waume zao, vimegandishwa kwenye nta. Wakimpa ruhusa, pete itaonyesha kilichomo, hata uzi mmoja wa asbesto usioonekana kwa jicho.

Aliyemjibu alikuwa Nerina Visintin, mjane wa fundi aliyeitwa Ondino, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni.

"Yaani Ondino wangu atoke mikononi mwa baba yako, aingie mikononi mwako?"

"Baba naye amekufa kwa ugonjwa huohuo, Mama Nerina."

"Amekufa mzee! Wangu kafa hata nywele hazijaingia mvi. Alikuwa akirudi mweupe kama mwoka mikate, mimi nakung'uta nguo zake dirishani. Akimwuliza baba yako, anajibiwaje? 'Vumbi hili halina neno, kunyweni maziwa.' Maziwa, binti! Kama paka!"

Wanawake wengine walicheka, kicheko kibaya. Hakuna aliyempa ruhusa.

Nives alipanda kwao na hasira, ila hakujua amkasirikie nani. Maneno yale ya maziwa aliyajua. Alikuwa ameyasikia mezani tangu utotoni, baba akiyasema huku anajipakulia supu ya maharage na kabichi chachu. Lakini aliamini baba alidanganywa kama wenzake. Na kama alidanganywa, pafu lake lingesema. Akaomba kile kipande cha mzee, akapewa.

Siku ya kukipiga picha, alikibandika mwenyewe, akafunga mlango wa chumba chenye kuta za madini ya risasi, akarudi kwenye meza ya kompyuta. Mwenzake Ludovica, msichana aliyetoka mji wa Udine, alikuwa pembeni na kahawa yake. Picha ilipokamilika, pafu lilijaza kioo. Vifuko vya hewa vilikuwa vimekakamaa, na kati yake zimelala nyuzi, nyingi mno, zimevikwa chuma kitokacho kwenye damu kama sindano zilizoota kutu.

"Mungu wangu, inapendeza!" Ludovica alisema. "Hii tuitundike pale mlangoni. Ya nani?"

"Ya baba."

Ludovica aliweka kikombe chini, asijue afanye nini na mikono yake.

Nives aliipeleka picha kwa Nerina. Mama yule aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya nyuzi.

"Unaona? Alivuta vumbi lilelile," Nives alisema. "Angejua, asingelivuta."

"Au alijua, akawa mjinga." Nerina alimrudishia picha. "Haya, ipelekwe kortini. Iwe mara ya kwanza baba yako kutufaa kwa kitu."

Kortini, wakili wa kampuni aliwashangaza wote. Hakuibishia picha. Aliisifu. Akasema ni kweli, asbesto imo, tena tele. Lakini kampuni ilinunua barakoa, zikakaa stoo, na wa kuwagawia mafundi alikuwa nyapara. Pafu lenyewe ndilo linaloshuhudia kwamba nyapara huyo alizidharau, yeye na watu wake.

Wajane walipiga kelele kwamba hakukuwa na barakoa wala nini. Jaji alinyamazisha ukumbi, akamgeukia Nives, aliyekuwa bado kizimbani kwa ajili ya kuieleza picha.

"Wewe ulikuwa ukiishi naye. Uliwahi kuziona?"

Hapo ndipo Nives alipokumbuka mizabibu. Kila mwanzo wa kiangazi baba aliipulizia dawa ya buluu, na kabla hajaanza alikuwa akiteremka kwenye stoo ya chini ya nyumba, akatoa kwenye boksi la kiwanda barakoa mpya, akajifunga vizuri hadi masikioni. Hata yeye, mtoto, alifungwa moja. "Dawa hii itakuua," alikuwa akimwambia. Lakini kazini hakuzigawa: huko barakoa huziba pumzi, mtu hupunguza mwendo, na meli ina tarehe yake ya kuingia majini.

Angeweza kusema hapana. Nerina alikuwa amemkazia macho.

"Nyumbani zilikuwepo," alisema. "Nyingi. Alivaa akipulizia mizabibu."

Hukumu ilitoka wakati wa baridi. Wakubwa wa kampuni, waliobaki hai, waliachiliwa. Uzembe wote ulibaki kwa marehemu Srečko Kocjančič. Nje ya mahakama upepo ulikuwa ukiwapeperusha watu, na Nerina alikuwa ameshika nguzo.

"Umesema kweli," alimwambia Nives. "Na kweli yako imewafaa wao. Ungedanganya tu, we mtoto. Mara moja."

Kesho yake Nives alirudi kazini.

Mwaka uliofuata, Nerina alifika kwenye lango la pete, amepanda basi hadi juu, anahema. Mlinzi alimwita Nives. Mama alikuwa amekonda, na alikohoa kwa muda ndipo akaweza kusema.

"Ni zile nguo za Ondino nilizokuwa nakung'uta. Nipige na mimi."

"Mama Nerina, hii mashine… kifua cha mtu aliye hai hatukipigi hivyo. Kwa ukali ule tunapiga kipande tu. Baadaye."

Nerina aliufunga mtandio wake vizuri.

"Basi utangoja," alisema. "Ruhusa ya pafu langu nimeshawapa hospitali. Na safari hii ukiulizwa kitu, ujibu kuhusu picha tu."

Aliukataa mkono wa Nives, akavuka barabara peke yake hadi kituo cha basi.