Wabwile Alisema Yuko kwa Hybrid Picking, Wakwe Wakaleta Magunia

Watu hamsini na tatu walikuja kumwona rafiki yangu akifanya kazi yake, na kila mmoja alikuja na gunia tupu.

Hii si stori ya kuambiwa. Nilikuwepo, nimesimama kando ya shamba la mahindi nje ya Kitale, barabara ya kwenda Suam, nikitafuta mahali pa kuficha uso.

Wacha nianze mwanzo ndio mwelewe.

Rafiki yangu anaitwa Wabwile, mtu wa Misikhu. Tulikuwa bendi moja, yeye gitaa, mimi besi. Tunapiga country, ule muziki wa Kimarekani wa wachunga ng'ombe, kwenye harusi na hoteli za Kitale na Bungoma. Kama hujui wakulima wa huku wanavyopenda country, njoo Ijumaa moja uone wazee wenye kofia pana wakitokwa na machozi kwa ajili ya farasi ambaye hawajawahi kumwona.

Mwaka juzi Wabwile akapata bando la bei poa na mwalimu mzungu kwenye simu. Huyo mwalimu alikuwa anafundisha kitu kinaitwa hybrid picking.

Ni hivi. Ile pick, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, unaishika kwa kidole gumba na cha shahada. Halafu kidole cha kati na cha pete vinachomoa nyuzi nyingine wakati huohuo. Ukiiweza, gitaa moja linalia kama mawili. Ukishindwa, ni kelele tu.

Wabwile alishindwa miezi sita.

Sitamnyima haki yake, alijitahidi. Alienda hadi saluni ya Rosaline pale Kibomet akabandikwa kucha mbili za plastiki, maana mwalimu alisema kucha za kawaida hukatika. Rosaline akamuuliza kama anataka na rangi.

Mwezi wa saba akaiweza. Na hapo ndipo alipoharibika.

Hakutaka tena kuitwa mpiga gitaa. Ukimuuliza anafanya kazi gani, anainua kidevu kwanza, kisha anakwambia: "Niko kwa hybrid picking." Alimwambia hivyo karani wa benki. Alimwambia hivyo daktari wa meno. Nyanya yake kule Misikhu aliposikia, aliuliza kama inatibika.

Sasa, Wabwile alikuwa na mpenzi anaitwa Linah. Linah anauza vitambaa Bungoma mjini, lakini kwao ni huku Trans-Nzoia. Alimpendea kwenye harusi moja, alipomwona anapiga gitaa amefumba macho, hajui hata kwamba keki inakatwa. Huyo msichana alimpenda Wabwile kabisa, na Wabwile naye alikuwa hali halali kwa sababu yake. Alitaka kumwoa kuliko kitu chochote duniani.

Lakini Linah akisema "mpenzi wangu anapiga gitaa", Wabwile anamsahihisha.

"Usiseme gitaa, bana. Sema niko kwa hybrid picking. Inakaa poa."

Kwa hiyo baba yake Linah alipomuuliza kwenye simu huyo kijana hufanya kazi gani, Linah akajibu vile alivyofundishwa.

Baba yake huyo ni mzee Kipkosgei. Mzee huyu analima ekari arobaini za mahindi ya mbegu. Kwa mtu wa Kitale, hybrid ni kitu kimoja tu, mbegu ya mahindi, na hupandwa mvua zikianza. Na picking, yeyote aliyewahi kuchuma chai anajua maana yake.

"Mlete Jumapili," mzee akasema.

Tukaenda watatu: Wabwile, mjomba wake Mukhwana, na mimi wa kubeba kreti ya soda. Linah alikuwa jikoni na mama yake. Tukaombewa, tukala, kisha mzee akasogeza kiti.

"Hiyo hybrid picking hufanywaje?"

Wabwile akachangamka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa hamu hivyo. Akanyoosha mkono wa kulia. "Hapa unashika pick, na vidole viwili. Hivi vingine vinachomoa."

Mzee akaangalia vile vidole kwa makini. Huku kwetu mahindi huambuliwa kwa msumari au kijiti kilichochongwa. Unatoboa ganda, vidole vinavuta. Kwa hiyo mpaka hapo walikuwa wanaelewana vizuri sana.

"Na mkono wa kushoto?"

"Huo unashika shingo."

"Ukitumia nguvu nyingi?"

"Unaharibu. Nguvu haitakiwi, mzee, ni kifundo cha mkono tu."

Mzee akawageukia ndugu zake walioketi pale akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akauliza kuhusu spidi.

"Mwalimu wangu anafika mia moja sitini kwa dakika," Wabwile akasema, akili yake ikiwa kwenye mapigo ya muziki. "Mimi bado niko mia na kumi."

"Mahindi mia na kumi?" mzee akauliza. "Kwa dakika moja?"

Hapo ndipo Wabwile alipoelewa. Nilimwona. Mdomo ulifunguka ili aseme ukweli, lakini shangazi yake Linah, Jepkosgei, alikuwa ameshamwekea paja la kuku la pili. Naye mjomba Mukhwana, ambaye kila L kwake ni R, akaona amsaidie kijana wake.

"Huyu harari, mzee. Ni hiyo picking tu, mpaka bibi yangu ameraramika."

Mdomo wa Wabwile ukafungika.

Tukiwa njiani kwenda stegi ya matatu, Mukhwana akamvuta kando. "Wewe, hawa watu wanafikiria ni mahindi."

"Najua."

"Na umenyamaza?"

"Si hata wewe umenyamaza?"

"Mimi nirikuwa nakura," mjomba akasema.

Jioni hiyo Linah akapiga simu. Baba yake alikuwa amemshukuru kwa kumletea mtu wa mahindi, na alikuwa amewaita majirani wote Jumamosi waje kuona. Linah hakupiga kelele. Alimwambia Wabwile amweleze mzee kabla ya hiyo siku, kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba yeye hatamsaidia. Wabwile akaapa kwa jina la mama yake.

Alimpigia mzee mara tatu wiki hiyo. Mara zote tatu walizungumza kuhusu mvua.

Jumamosi ikafika. Nawaambia, shamba lilikuwa limejaa, kila mtu na gunia lake la kubebea mahindi yatakayoambuliwa. Hema, viti vya plastiki, akina mama wa kanisa na sufuria za wali. Alikuwepo pia bwana mmoja anaitwa Hiram, mshauri wa kilimo wa kujitegemea, mtu ambaye hakosi penye hema. Alipewa kipaza sauti.

"Hybrid picking si kitu kipya kwangu," Hiram akasema. "Tulifundishwa Naivasha, siku tatu."

Watu wakapiga makofi. Nikamwangalia Wabwile. Alikuwa na kasha la gitaa mgongoni, maana alikuwa amepanga kulifungua na kukiri mbele ya watu. Nyuma yangu nikasikia mtu akimweleza mwenzake kwamba mashine iko humo ndani.

Linah alikuwa amesimama karibu na mama yake, anamtazama Wabwile tu. Akamwonyesha kwa macho: sema.

Wabwile akashika kipaza sauti. Akasema hamjambo. Akasema anamshukuru Mungu. Kisha mzee Kipkosgei akamshika bega mbele ya ukoo mzima na kumwita mwanangu, na Wabwile, ambaye baba yake alifariki akiwa darasa la tatu, akarudisha kipaza sauti bila kusema lingine.

Akaketi kwenye rundo la mahindi, akapewa msumari. Kando yake akawekwa mama Chesang, ambaye hajawahi kushindwa kuambua mahindi tangu aolewe huku. Hiram akashika saa.

Mimi nilifumba macho. Nilijua leo tunafukuzwa na mbwa.

Nikasikia watu wanaguna. Nikafungua.

Jamani, alikuwa anaweza. Aliushika ule msumari kama pick, akatoboa ganda, na vile vidole viwili vyenye kucha za Rosaline vikachomoa huku na huku. Toboa, chomoa, chomoa, tupa. Vidole vilikuwa na mazoezi ya mwaka mzima, havikujua kama ni nyuzi au ni maganda.

Dakika ikaisha. Chesang kumi na tisa. Wabwile ishirini na mbili.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika Kitale. Mtu mmoja, Ngari, akauliza ile mia na kumi iko wapi. Hiram akamjibu kwamba hiyo ni ya Ulaya, huku hali ya hewa ni tofauti.

Mzee Kipkosgei akasimama, akanyamazisha watu. Akasema yeye hana neno tena, huyu kijana ni wa kwake. Akamwita Linah aje asimame hapo.

Linah akaja. Hakumwangalia Wabwile. Akaongea na baba yake kwa heshima, sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na sote tulisikia.

"Baba, mimi nilikuletea mtu wa gitaa. Huyu wa mahindi umempata mwenyewe. Kaa naye."

Akachukua mkoba wake akaenda kutafuta gari la Bungoma.

Wabwile akabaki na msumari mkononi. Kucha moja ilikuwa imeng'oka na damu inatoka, wala hakuwa na habari. Alilia pale kwenye maganda mbele ya watu wote. Akina mama wakadhani ni furaha, wakaanza kuimba.

Mzee alipoelezwa habari ya gitaa hakukasirika hata kidogo. Alisema ni vizuri, atawapigia wafanyakazi wakati wa mapumziko. Na hakumwachilia. Wabwile ni msimamizi wa shamba sasa, na Hiram anamwandalia semina za kuambua mahindi, cheti unapata palepale.

Bendi ikabaki bila mpiga gitaa. Siku moja Linah akaja kwenye mazoezi kurudisha kofia ya Wabwile, akanikuta peke yangu. Akaniuliza besi ina nyuzi ngapi.

Nikamwambia nne.

Akauliza kama ninachofanya kina jina la Kizungu. Nikamwambia kinalo, lakini mimi huita kupiga besi. Akacheka, akavuta kiti. Najua mtanitukana kwenye komenti. Nitukaneni tu.

Mwezi wa pili nilienda kwa mzee Kipkosgei kujitambulisha kama mchumba wa Linah. Aliyenifungulia geti ni Wabwile. Tuliangaliana. Akanipisha, akafunga geti nyuma yangu.

Mzee akaniuliza nafanya kazi gani.

"Napiga gitaa la besi, mzee."

"Na mahindi?"

"Mahindi sijui."

Akaniangalia sana. Akamwangalia Wabwile pale getini. Kisha akanionyesha kiti.

Harusi yetu ni Desemba, baada ya mavuno. Wewe unayesoma hii, kama unauza mitumba, sema unauza mitumba. Kama unachoma mahindi, sema hivyohivyo, uso mkavu. Taja kazi yako kwa jina ambalo nyanya yako anaelewa, na ukisikia watu wamekuelewa vibaya, wakatize hapohapo hata kama kuku bado yuko kwenye sahani.