Solo Niliyoikariri

Mwaka huu nimerudi kuisikiliza ile bendi ya Uingereza, wale wazungu wa roki waliokuwa na masikio ya jazi, na sijui kama nitaweza kuisikiliza tena. Niliwapata kwenye simu nikiwa bado mwanafunzi, ndani ya treni ya kutoka Laurel, tunakoishi, kwenda mjini. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kinanda, niliwafanya wao walimu wangu. Wengine wao walishakufa. Hilo lilinifaa, kwa sababu mwalimu aliyekufa hawezi kukutazama ukikosea.

Wana kibao kimoja kirefu ambacho katikati yake gitaa linanyamaza na kinanda kinabaki kikitembea, mara kikijivuta nyuma ya ngoma, mara kikikimbilia mbele. Hiyo solo niliisoma kwa njia yangu. Kuna programu inayotenganisha vyombo, basi nikaondoa ngoma, besi, saksofoni na mwimbaji, kikabaki kinanda peke yake. Nikapunguza mwendo na kukariri noti moja baada ya nyingine, kama mtoto anayekariri mstari wa Biblia. Kidole kikikosea sirudi pale nilipokosea, narudi mwanzo kabisa. Siku ikiharibika hivyo najiambia sifai, na naamini.

Mama, anayehudumia wazee kule Bowie, mji wa jirani, alisimama mlangoni akiwa amevaa nguo zake za kazi.

"We msichana, huo wimbo hauishi?"

"Bado haujakaa poa, mum."

"Umekaa poa tangu Krismasi. Mpaka mimi nimeushika, na sijui hata ni wa nani."

Nilichokuwa nakitafuta ni kiti. Kanisa letu liko kwenye ukumbi uliokuwa duka la mazulia, na ndani tumechanganyika, Wakenya, Wakongo, Warundi. Mpiga kinanda wetu alihamia Texas. Nilikitaka kiti chake kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na sikumwambia mtu. Mimi ni mtu anayekula chakula cha mchana ndani ya gari akiwa kazini. Naandika ujumbe, naurekebisha, halafu naufuta. Nilidhani nikikaa pale nyuma ya kinanda nitakuwa katikati ya watu bila kulazimika kutafuta la kusema.

Kiongozi wa bendi ni mpiga gitaa kutoka Bukavu, mtu wa maringo, miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Vijana wote tunamwita Vieux, yaani Mzee. Walipotangaza kuwa wanatafuta mpiga kinanda nikajiandikisha, na Jumamosi mchana akanijaribu mbele ya kwaya.

"Petite, mdogo wangu, leo tutakujua."

Tukapiga wimbo wa sifa, kisha akafungua sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo gitaa linachukua wimbo na watu wanaingia kucheza. Akanipa nafasi kwa kidevu. Nami nikaipiga ile solo. Nilikuwa nimeihamishia kwenye ufunguo wa wimbo wetu wiki nzima kabla, ikaingia kama imezaliwa humo. Kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Sitasahau vile vigelegele, kwa sababu ndivyo pekee nilivyopata.

"Encore," Vieux akasema.

Nikairudia vile vile. Akasema encore tena, lakini safari hii alipofika katikati akateremsha sauti ya gitaa, akapunguza mwendo. Ngoma ikamfuata, besi ikamfuata. Mimi nikaendelea kwa kasi ya rekodi. Mama mmoja aliyekuwa anacheza akabaki ameinua mguu, akauliza:

"Huyu anakimbia kwenda wapi? Basi limemwacha?"

Wakacheka. Vieux akanyamazisha nyuzi kwa kiganja.

"Hapa katikati, kidole iliteleza?"

"Hapana. Ndivyo ilivyo."

"Kila mara?"

"Ndivyo ilivyo kwenye rekodi, Vieux."

"Donc, basi, iliteleza kwa ule muzungu." Akawageukia kwaya. "Mwanaume wa watu alikosea, akaendelea na maisha. Huyu akachukua kosa yake, akaibeba mpaka Laurel!"

Walicheka tena, bila ubaya. Hata mimi nilijaribu kucheka.

"Sasa fanya yako," akasema. "Hata mubaya. Mi nasema, weye unijibu."

Akapiga kifungu kifupi, akangoja. Nilikuwa na vidole juu ya kinanda na nikawa natafuta jibu sahihi. Akakipiga tena, polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. Mwishowe nikachomoa kipande cha ile solo. Akatikisa kichwa.

"Haiko weye, ule. Ni ule muzungu."

Kiti akapewa mama mmoja Mrundi, anayejua kodi chache tu, zile noti zinazopigwa pamoja. Anapiga huku anawatazama watu, akipotea anacheka, na wote wanapotea pamoja naye hadi warudi.

Mama yangu alikuwa ananisubiri garini.

"Vipi?"

"Wamechukua mwingine."

"Ulikosea?"

"Sikukosea hata mahali pamoja."

Aliwasha gari, akanitazama. "Sasa kama hukukosea..." Hakumaliza, akaondoa gari.

Nyumbani nikakisikiliza kibao kizima, vyombo vyote vikiwa mahali pake. Pale kidole kinapoteleza, ngoma inasita kidogo, inamsubiri mpiga kinanda. Halafu besi inalirudia lile kosa, kwa makusudi kabisa, kama rafiki anayekutania, na saksofoni inaingia juu yake. Miaka yote hiyo walikuwa wanaongea, na mimi nilikuwa nimewatoa wote chumbani ili nimsikie mmoja vizuri.

Nilizima, nikajaribu kupiga kitu changu, chochote. Kilichotoka kilikuwa cha yule mzungu. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto peke yake, kikawa chake pia. Nimejaribu mara nyingi tangu siku hiyo. Nikimwondoa yeye, mikono inatulia tu pale, hainidai kitu.

Jumapili iliyofuata nilikaa viti vya nyuma kanisani. Vieux alipofungua sebene watu wote walisimama, hata wazee. Mama yangu alishatoka kwenda mbele kucheza. Nami nilisimama, nikapiga makofi pamoja nao, nikihesabu kimoyomoyo ili nisipotee.