Kiboko-Ngamia Waenda Malindi kwa Padi Moja

Haya, watu wa Garsen, na nyinyi wa Kulesa mliokuja kusaga mahindi mkakuta stima imepotea, sogeeni. Wewe wa nyuma, weka hiyo simu mfukoni. Leo nawapeleka Malindi na kuwarudisha bila nauli. Mnamwona huyu mnyama kwenye fulana yangu, mdomo wa kiboko, nundu ya ngamia? Siku alipochorwa, watoto walikataa kwenda kuteka maji mwezi mzima. Ndiye nembo ya klabu yetu ya gemu, Kiboko-Ngamia, klabu ya wachezaji wa kulipwa. Msicheke. Mchezaji akishinda analipwa sahani ya viazi, akishindwa analipwa matusi. Hakuna anayeondoka mikono mitupu.

Kwanza sababu ya kutoka. Klabu hii haikuzaliwa moja. Hapa sokoni kulikuwa na vibanda viwili vya gemu vinavyotazamana kama wake wenza. Kimoja cha Babwoya, mtu wa mashamba, aliyeuza ndizi za msimu mzima akanunua runinga pana kama mlango wa kanisa. Timu yake ikaitwa Kiboko. Cha pili cha Hassan mwenye duka, mtu wa mifugo, naye hakukubali kuachwa na mtu wa ndizi. Yake ikaitwa Ngamia. Katikati yao amekaa Mama Salome na karai lake la viazi, analisha pande zote mbili. Miaka hiyo yote walichezana mpira wa kwenye skrini mpaka vitufe vya padi ya kuchezea vikalainika kama papai. Kiboko walikuwa na kijana wao Komora, Ngamia walikuwa na Abdi. Kila kibanda kilisema bingwa wa dunia ni wetu, na dunia yenyewe inaanza hapa inaishia Idsowe.

Sasa ikaja habari kwamba Malindi kuna mashindano ya Pwani nzima, na Garsen imepewa nafasi ya mchezaji mmoja. Mmoja tu. Jamani, watu wa Babwoya wakaacha kununua sukari kwa Hassan. Watu wa Hassan wakaacha kula ndizi. Kuna harusi ilisimama kwa sababu bwana harusi ni Kiboko na mashemeji ni Ngamia. Wazee wakaita kikao. Kikao kikakaa mpaka punda wangu wa kuvuta maji akalala, akaota, akaamka, akatuangalia, akalala tena. Mama Salome viazi vinampoa, akachoka.

"Basi ikateni hiyo padi nusu," akasema. "Kila mtu achukue upande wake."

Mama alikuwa anatukejeli. Wazee wakapiga makofi. Ikapita palepale: Abdi ashike upande wa kushoto, ule wa kukimbiza watu. Komora ashike upande wa kulia, ule wa kupiga mpira. Padi moja, mchezaji mmoja, vidole gumba vya watu wawili. Na wazee wakaapa mbele yetu wote kwamba siku mmoja wao akicheza peke yake, klabu imekufa, kila mtu arudi kibandani kwake na ugomvi wake.

Mazoezi ndiyo yaliyotutia wazimu. Wanakaa kiti kimoja, tako moja kila mtu. Abdi amechunga ng'ombe wa baba yake huko Nanighi, basi wale watu wa skrini aliwaswaga kama ndama. Mpira ukifika mahali pazuri anapiga mluzi mdogo, fyu. Komora naye amekulia kwenye mpunga akifukuza ndege kwa kombeo. Akisikia fyu, anatwanga. Mlinda lango wa upande wa pili anabaki anatafuta mpira kama mtu aliyeangusha sindano.

Alfajiri ya kuondoka, lori la Hassan la mbuzi lilikuwa tayari. Ujumbe ulikuwa hivi: mwenyekiti Hassan, makamu Babwoya, katibu, mweka hazina wa hazina ambayo sijawahi kuiona, daktari wa timu wa kukanda vidole kwa mafuta ya simsim, na mtu wa kuomba. Watatu upande huu, watatu upande ule, lazima mizani ikae sawa. Wa saba ni mimi, mshauri, kwa sababu mama yangu ni wa mashamba ya mtoni na mke wangu ni wa ng'ombe, kwa hiyo nyumbani kwangu mimi ndiye mgeni. Sisi viongozi tulipata mbele na kwenye magunia. Wachezaji walikaa na mbuzi.

Pale Minjila polisi akasimamisha lori. Akauliza tunaenda wapi, Hassan akamwambia tunapeleka timu ya taifa la Garsen. Yule askari akamulika ndani na tochi.

"Wachezaji ni wepi hapa?"

Tukanyoosha mikono sote saba. Komora na Abdi hawakunyoosha, mmoja alikuwa ameshikilia padi na mwingine ameshikilia beberu. Askari akatutazama matumbo, akamtazama beberu, akasema huyo ndiye anayeonekana yuko fiti. Akatufungulia njia.

Kufika Idsowe maji yalikuwa yamekula kando ya barabara. Mbu wa pale nyinyi mnawajua, hawaumi ovyo, wanachagua kwa cheo. Walianza na mwenyekiti. Abdi na Komora wakavua fulana, wakaifunika padi isilowe kwa fulana zote mbili, wakaumwa wao mpaka Tarasaa. Mimi niliona hilo nikasema hawa vijana hawana akili. Gongoni tukaona vilima vya chumvi vinang'aa hata macho yanauma, na makamu akasema wakishinda tutajenga uwanja wetu mweupe namna hiyo. Katibu akaliandika.

Malindi tulifika mchana. Ukumbi una baridi ya mashine, viti vinazunguka, vijana wana vitu vya masikioni vikubwa kama vibuyu. Sisi tukaingia na harufu yetu ya mbuzi, watu wakatupisha kwa heshima. Dada wa mapokezi akauliza nani anacheza. Vijana wakasogea wawili. Akasema nafasi ni ya mmoja, wachague. Hapo moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili, kwa sababu mmoja akicheza, tunarudi nyumbani kuzika klabu. Hassan akatoa hotuba. Babwoya akatoa hotuba ya kuiunga mkono hotuba, halafu ya kuipinga. Dada amekunja mikono anasubiri.

Aliyetuokoa ni kijana wa Malindi aliyepangwa kucheza nasi. Alicheka mpaka akavua vibuyu vyake masikioni.

"Waache, dada, wacheze hata saba," akasema. "Nitawamaliza kabla chai haijapoa."

Chai yake ilipoa. Fyu, bao. Fyu, bao. La tatu aliomba maji. Ukumbi mzima ukaja kusimama nyuma ya kile kiti cha matako mawili. Tukamtoa yeye, tukamtoa wa Kilifi, tukamtoa mmoja wa Mombasa ambaye walisema hajafungwa tangu azaliwe. Nilimwona mtu analia, na alikuwa anauza soda tu, hakuwa na timu.

Basi jioni ikawa fainali. Bao moja moja, dakika za mwisho. Na hapa, jamani, ndipo viongozi tulipofanya kazi yetu. Hassan alisema, si kwa sauti ndogo, kwamba mabao yote yametokana na mbio. Babwoya akasema mbio bila mkwaju ni matembezi. Katibu akamuunga mmoja, mweka hazina akamuunga mwingine, daktari akamwaga mafuta ya simsim. Mtu wa kuomba alikuwa anaomba kwa kelele kuliko wote. Mimi nilikuwa kimya, isipokuwa pale niliposhangilia kidogo kwa mluzi.

Abdi alikuwa amepeleka mpira mpaka langoni, anapiga fyu, fyu. Komora hasikii fyu ya nani ni ya nani. Akageuza shingo.

"Abdi, ni wewe?"

Kabla hajajibiwa mpira umeshanyang'anywa, umepelekwa, umeingia kwetu. Kipenga. Wale vijana walibaki wameshikilia padi yao, kila mtu upande wake.

Safari ya kurudi haikuwa na mbuzi, waliuzwa, lakini ilikuwa na viongozi. Kutoka Marereni mpaka Minjila tulijadili swali moja: ni mkono upi uliokosea. Kikundi cha Hassan kikasema wa kulia ulichelewa. Kikundi cha Babwoya kikasema wa kushoto ulinong'ona. Tulipoiona Garsen, klabu ilikuwa imeshagawanywa. Hassan anachukua padi, Babwoya anachukua fulana na yule mnyama wake.

Nilichojifunza? Malindi kuna baridi ndani ya nyumba, na mbuzi ana utulivu kuliko katibu. Lakini klabu mnaiona ipo mpaka leo. Padi ipo, mnyama yupo, na Abdi na Komora siku hizi wanaenda mashindano wawili peke yao, sisi tunawapungia mkono barabarani. Sisi viongozi hatukuondolewa kwa kura. Ilikuwa usiku uleule wa kurudi, umati umejaa kwa Mama Salome, watu wa sukari upande huu, watu wa ndizi upande ule, wamevimba, wanangoja kuambiwa mkono wa nani umetuaibisha. Wale vijana wamekaa kwenye benchi, sahani moja, Abdi anaishikilia, Komora anachovya pilipili ya wote wawili. Hassan akapanda juu ya kreti kusoma hukumu, na Babwoya akapanda kreti ya pili asiwe mfupi. Mama Salome akageuza viazi kwenye karai, akainua mwiko, akatuhesabu nao mmoja mmoja mpaka kwangu mimi wa saba, akasema:

"Hivyo vidole viwili nimeelewa, vilienda kucheza. Haya matumbo saba yalienda kufanya nini?"