Shahidi wa Pili wa Ngojamaliko

Kinyozi hakumtambua ndege kwa mbawa wala kwa mlio, bali kwa kichwa. Miaka ishirini na miwili ya kushika mashine ya kunyolea ilikuwa imemwingia machoni. Tangu ajiunge na wahesabu ndege wa kujitolea, daftari lake lilijaa maneno kama "kanyolewa pembeni", "shungi limechanwa nyuma" na "kipara, tena cha uzeeni". Mama Darubini, mwalimu wa sayansi aliyeliongoza kundi, aliyasoma huku akizuia kicheko, kisha akayanakili kwa majina ya kitabuni. Cha ajabu ni kwamba Kinyozi alipatia karibu kila mara.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Kila Jumamosi aliondoka kabla jua halijachomoza, na mkewe, mshonaji ambaye mshono uliopinda hata kidogo haumponyoki, hakuimeza habari hiyo kirahisi.

"Ndege gani hao wanaotembelewa na shati lililopigwa pasi?" alimuuliza siku moja.

"Heshima ya kazi, mama watoto."

"Haya. Wasalimie."

Mume mwingine angeshtushwa na "haya" ya upole namna ile. Huyu wetu akili yake yote ilikuwa kinamasini. Halmashauri ilitaka kukikausha kinamasi ili malori yapate pa kuegeshwa, na ilikuwa imekubali jambo moja tu: akithibitishwa kuwepo pale ngojamaliko, ndege wa kujificha mateteni ambaye hakuwa ameonekana kwa miaka tisa, mpango usitishwe. Fomu nayo ilikuwa na sharti lake. Ndege adimu huandikwa kwa mashahidi wawili, na hesabu ya mwisho ilikuwa Jumamosi hii.

Basi Jumamosi hiyo Kinyozi akamwona. Mdomo juu, utosi mweusi tii. Mwenzake wa zamu alikuwa ameinama akifunga kamba za kiatu. Kinyozi akataka kumwita, badala yake akapiga chafya, na ndege akatokomea.

Alasiri walikutana darasani kwa Mama Darubini kujaza fomu. Mke wa Kinyozi alikuwapo pia, amekuja kuwamiminia chai.

"Mimi nakuamini, fundi," alisema Mama Darubini. "Fomu ndiyo haiamini mtu. Shahidi wa pili nani?"

Wote wakamgeukia yule mwenzake wa zamu.

"Mimi nilikiona kiatu changu," alisema kwa huzuni.

Uongo mdogo tu ungekiokoa kinamasi, na hapana shaka kila mtu mle ndani aliuwaza. Lakini hesabu ikishaingia uongo, nani ataiamini tena? Kinyozi alihisi machozi yanamlenga, mtu mzima na masharubu yake.

"Basi usimwandike," alisema.

"Ubavuni ana kiraka cha rangi ya maziwa," ilisema sauti kutoka penye birika. "Kimekaa sawasawa, kama kimeshonewa. Mgongo mweusi, kifua cha rangi ya udongo, miguu inaelekea kijani. Alijifanya tete mpaka huyu alipopiga chafya."

Mama Darubini alifungua kitabu chake, akatazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza taratibu, "Ulikuwa umbali gani?"

"Kama kutoka hapa hadi ubaoni."

"Mateteni?" Kinyozi aliuliza. "Ulikuwa unafanya nini mateteni?"

"Nilikuwa namtafuta huyo mwanamke wako."

Darasa zima likacheka, isipokuwa Kinyozi, aliyebaki mdomo wazi na kikombe mkononi.

"Ulimpata?" aliuliza yule wa kiatu.

"Sikumpata. Nimepata mbu tu."

Mama Darubini aliandika jina la ndege, akaandika la shahidi wa kwanza, akaandika la pili. Kinyozi alipoona wino umekauka alishusha pumzi.

"Fomu inataka kujua shahidi amefika kinamasini Jumamosi ngapi," alisema Mama Darubini.

"Tatu. Leo, iliyopita na ile ya kabla yake."

Kinyozi akaweka kikombe chini.

"Iliyopita mimi sikwenda," alisema. "Nilikuwa msibani, nililala huko huko. Ulikuwa unamfuata nani?"

Mkewe alifunika birika, akafuta mikono kwa leso yake.

"Najua ulikuwa msibani," alisema. "Ndege walikuwepo."