Kilima Alichokihesabu Kikiwa na Miti

Ofisini tunamwita Bibi Mvua, na mwenyewe haoni vibaya. Kazi yake ni kukadiria: mvua kubwa ikipiga mashamba ya juu, maji kiasi gani yatazama ardhini na kiasi gani yatashuka bondeni. Usibishane naye kwenye hesabu, atakuumbua mbele za watu.

Msimu uliopita mdogo wake wa kike alimuuliza kama apande vitunguu kule bondeni. Bibi Mvua akapiga hesabu, akamwambia, "Panda tu, mdogo wangu. Maji hayafiki."

Yakafika. Yakasomba vitunguu vyote, yakaacha tope na mawe.

Ramani aliyoitumia ilionyesha kilima cha juu ya bonde hilo kina miti. Miti gani? Ilishakatwa kitambo, na watu wakalima matuta ya kufuata mteremko, yaani wameyachongea maji njia. Na jamani, kilima chenyewe kinaonekana dirishani kwake! Alikuwa akikitazama huku anakunywa chai.

Hilo ndilo linalomla mpaka leo. Mdogo wake hakumlaumu. Alisema tu, "Dada, mvua ni mvua," akamkaribisha chai.

"Bora angenitukana," Bibi Mvua aliniambia.

Tangu hapo anapanda kilima na mabuti, kabeba kipande cha bomba na ndoo. Analipigilia bomba ardhini, anamimina maji, anachuchumaa kuangalia yanavyozama. Wakulima wanamtania, "Bibi, unamwagilia nini hapo, mawe?" Naye, mwenye ulimi wa pilipili, anaendelea kumimina tu!

Vipimo hivyo akaviingiza kwenye hesabu, akaijaribu kwa mvua ile ile iliyoharibu vitunguu. Safari hii hesabu ikayaleta maji hadi shambani kwa mdogo wake, pale pale yalipopita. Wakubwa wakampigia makofi. Yeye akatoka nje akalia, maana sasa alijua kwamba ingewezekana kujua.

Juzi mdogo wake alikuja ofisini. "Dada, mwaka huu nipande?"

"Usipande bondeni. Na yale ya mwaka jana..." Akaonyesha dirishani. "Kilima nilikuwa nakiona. Kila siku nakiona. Nisamehe."

Mdogo wake akageukia dirisha.

"Hata mimi nilikiona, dada. Nikasema moyoni, maji yatashuka haya. Halafu nikasema, dada ndiye amesoma."

Nikamsogezea huyo mdogo wake kikombe cha chai. Akasema asante, leo hanywi.